Taa ya Kichwani ya Bei Nafuu kwa Safari ya Usiku: Mwongozo Kamili kwa Wapandaji wa Meru na Kilimanjaro

Kila msimu, miongoni mwa wanaotoka Arusha na Moshi kwenda kupanda Meru au Kilimanjaro, wapo wanaorudi na kisa kilekile. Taa iliwaka vizuri dukani, ikawaka vizuri kambini, kisha saa tisa usiku, katikati ya mteremko wa changarawe, ikafifia hadi ikawa kama kaa linalozimika, na mwenye taa akamaliza njia akifuata mwanga wa mwenzake. Wengi wao hawakuuziwa taa mbovu. Walinunua ukali wa mwanga, ilhali walichohitaji ni mwanga wa kudumu saa nyingi katika baridi, na hivi ni vitu viwili tofauti ambavyo muuzaji hana sababu ya kukutofautishia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye fedha kidogo anayetaka kufika kileleni na kurudi bila kutegemea tochi ya simu. Anza kuufuata angalau wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu sehemu yake kubwa ni majaribio ya nyumbani, na jaribio lisilo na nafasi ya kurudisha au kubadilisha taa halina faida.

Vitu utakavyohitaji

- Fedha, uzigawe mafungu matatu kabla ya kutoka nyumbani: mafungu mawili ni ya taa, na moja ni la betri. Atakayetumia zote kwenye taa atanunua betri hafifu, na taa nzuri yenye betri hafifu ni taa hafifu.
- Karatasi, kalamu na saa ya kupimia muda.
- Simu yenye kamera.
- Glovu na kofia utakazovaa usiku wa safari.
- Friza, iwe ya kwako, ya jirani au ya mwenye duka atakayekukubalia.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana vizuri.
- Mawe matano, manne ya ukubwa wa ngumi na moja la ukubwa wa kiberiti.
- Mizani ndogo ya jikoni, endapo utanunua taa ya kuchaji yenye betri inayotoka.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya usiku wako

Usianze na taa. Anza na giza. Wanaopanda Kilimanjaro kutokea Kibo, mita 4,720, au Barafu, mita 4,673, kwa kawaida huondoka kambini karibu na saa sita usiku. Katika eneo letu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kutegemea mwezi. Hizo ni saa sita na nusu za kutembea gizani. Ongeza saa moja ya kuamka, kuvaa, kunywa chai na kutafuta soksi iliyopotea hemani, kwa sababu taa huwaka muda huo wote.

Kwa Meru, wengi huondoka Saddle Hut, mita 3,570, saa saba au saa nane usiku kuelekea kilele cha mita 4,562. Ukiondoka saa nane, giza lako ni saa nne na nusu, na pamoja na maandalizi ni saa tano na nusu.

Baada ya kupata jumla, ongeza theluthi yake kwa ajili ya ucheleweshaji. Kwa Kilimanjaro utapata kiasi cha saa kumi; kwa Meru, kiasi cha saa saba. Nyongeza hii si ya anasa. Mwenzako akiugua kwa mwinuko na mkalazimika kumshusha saa kumi usiku, mtakaoshuka naye mtatumia mwanga mwingi kuliko wanaopanda, kwa kuwa kushuka kunahitaji kuona mbali zaidi.

Ukimaliza hatua hii utakuwa na namba moja kwenye karatasi. Nenda nayo dukani.

Hatua ya 2: Amua kiasi cha mwanga unachohitaji kweli

Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni. Wanunuzi wengi hudhani lumeni nyingi ni usalama mwingi, na hapo ndipo fedha hupotea. Mwendo wa usiku mlimani ni wa polepole mno. Mnapanda kwa mstari, na macho yako yanatazama visigino vya aliye mbele yako pamoja na hatua mbili tatu za njia. Kazi hiyo inatoshwa na lumeni 30 hadi 50. Lumeni 100 zinafaa unapopita juu ya mawe au unapotafuta njia, na lumeni 200 zinahitajika kwa dakika chache tu, kwa mfano pale mnapotaka kujua kama mwanga unaoonekana bondeni ni wa kundi lenu au wa kundi jingine.

Umbo la mwanga lina uzito kuliko wingi wake. Taa nyingi za bei ya chini zina lenzi ya kuvuta, ambayo ukiivuta hukusanya mwanga uwe duara dogo kali. Duara hilo humfurahisha mnunuzi anapolielekeza kwenye paa la nyumba ya mbali, lakini mlimani linakuwa kama kuchungulia kupitia bomba: unaona jiwe moja kwa ung'avu mkubwa na huoni mguu wako unakanyaga wapi. Chagua taa inayotoa mwanga mpana na laini kwa karibu. Ikiwa ina mwanga wa mbali pia, ni vizuri zaidi, hasa kwa Meru, ambako baada ya Rhino Point njia hufuata ukingo wa kasoko na ni muhimu kuona ardhi inaishia wapi.

Mwanga mwekundu nao una kazi yake halisi. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mweupe huharibu mazoea hayo mara moja, wakati mwanga mwekundu hafifu hauyaharibu sana. Hemani, mezani, au unapozungumza na mtu uso kwa uso, mwekundu ni adabu pia; hakuna anayependa kumulikwa machoni saa tano usiku. Hata hivyo, ikiwa fedha hazitoshi, acha mwekundu kabla ya kuacha ubora wa betri.

Hatua ya 3: Chagua aina ya betri kabla ya kuchagua taa

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa hiyo isome polepole.

Taa za bei nafuu zipo za namna mbili. Za kwanza hutumia betri za kubadilisha, mara nyingi tatu ndogo za ukubwa wa betri za rimoti, na mara chache zile za ukubwa wa betri za saa ya ukutani. Za pili ni za kuchaji, ama zenye betri iliyofungwa ndani, ama zenye betri ya duara inayotoka, ambayo huandikwa 18650 kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65.

Kwa betri za kubadilisha, tazama herufi zilizoandikwa kwenye betri yenyewe, wala si rangi ya kasha. Betri ya ukubwa wa rimoti iliyoandikwa R03, na ya ukubwa wa saa ya ukutani iliyoandikwa R6, ni za kaboni na zinki. Zinafaa kwa rimoti na saa, vitu vinavyotumia umeme kidogo mno, lakini katika taa huishiwa nguvu haraka, na katika baridi ndiyo kabisa. Herufi L ikitangulia, yaani LR03 au LR6, hiyo ni betri ya alkalaini, na hicho ndicho kiwango cha chini unachopaswa kukikubali. Zikitanguliwa na F, yaani FR03 au FR6, ni za lithiamu zisizochajiwa. Ni ghali na hazipatikani kila duka, lakini ni nyepesi na hufanya kazi hata kwenye baridi kali kuliko ile utakayoikuta kwenye kilele cha Uhuru. Neno "imara" au "nguvu kubwa" kwenye kasha halikuambii lolote. Herufi hizo ndizo zinazosema.

Kwa nini baridi ina uzito kiasi hiki? Usiku wa kilele cha Kilimanjaro joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na usiku mbaya hadi nyuzi 20. Ndani ya betri umeme huzalishwa na kemikali, na kemikali hizo hufanya kazi polepole katika baridi. Betri ya alkalaini inaweza kupoteza nusu ya uwezo wake au zaidi katika hali hiyo. Haijafa, ukiitia kwapani kwa dakika kumi hurudisha sehemu ya nguvu zake. Ila saa tisa usiku, vidole vikiwa vimekufa ganzi, dakika kumi ni ndefu.

Betri za kuchaji za lithiamu huvumilia baridi kuliko alkalaini zinapotoa umeme, lakini zina sharti moja: usizichaji zikiwa zimeganda. Kuchaji betri hizo chini ya nyuzi sifuri huziharibu kwa namna isiyorekebishika. Kama unategemea pawabenki, lala nayo pamoja na taa ndani ya mfuko wa kulalia, na uchaji humo humo.

Maoni yangu, baada ya usiku kadhaa juu ya milima hii miwili, ni haya: kwa Kilimanjaro, mwenye fedha kidogo anunue taa ya betri za kubadilisha, kwa sababu ikizima anabadilisha na kuendelea. Taa yenye betri iliyofungwa ndani ikizima, umebaki na pambo la kichwani. Kwa Meru, ambako giza ni fupi zaidi, taa ya kuchaji iliyojaribiwa vizuri inatosha. Na kama unaipata taa inayokubali yote mawili, betri yake ya kuchaji na betri tatu za dukani, usiiache kwa tofauti ndogo ya bei.

Hatua ya 4: Tumia hesabu ya mtaji kubaini uongo wa kasha

Chukulia betri kuwa mtaji, na mwanga kuwa matumizi ya kila saa. LED nzuri, yaani kile kitaa kidogo kinachotoa mwanga ndani ya taa, hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme. Betri tatu za alkalaini za ukubwa wa rimoti, zikiwa mpya na katika joto la kawaida, zina uwezo wa kiasi cha wati 4.5 kwa saa moja. Kwa hiyo mtaji wake ni kama 450: lumeni ukizidisha kwa saa, jibu haliwezi kuzidi hapo kwa mbali. Lumeni 100 utazipata kwa saa nne na nusu. Lumeni 50, kwa saa tisa.

Betri tatu za ukubwa wa saa ya ukutani zina mtaji wa karibu 1,100. Betri moja ya kweli ya 18650, yenye uwezo wa mAh 3,000 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), ina mtaji wa karibu 1,000.

Sasa rudi kwenye kasha. Likisema "lumeni 1,000 kwa saa 10" na ndani mna betri tatu za rimoti, linadai mtaji wa 10,000 kutoka mahali penye 450. Huhitaji kubishana na muuzaji. Irudishe kwenye meza na usogee. Vivyo hivyo, betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo bila shaka, kwa kuwa zile bora za ukubwa huo zinakaribia mAh 3,500 na hazivuki hapo sana. Hapa ndipo mizani inapofaa: betri halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, na ikiwa ya kwako ni chini ya gramu 40, ina kitu kidogo ndani na hewa nyingi.

Upo pia ukweli unaopotosha. Kampuni zinazoheshimika hupima taa zao kwa utaratibu unaoitwa ANSI FL1, na utaratibu huo huhesabu muda wa kuwaka hadi mwanga ushuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo kasha likisema "lumeni 200, saa 50", maana yake si kwamba utakuwa na lumeni 200 kwa saa 50. Maana yake ni kwamba mwishoni mwa saa hizo zimebaki lumeni 20, na sehemu kubwa ya muda huo ulikuwa ukitembea na mwanga hafifu. Umbali nao hupimwa hadi pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi. Mita 60 za kwenye kasha, kwa mtu anayetafuta pa kukanyaga, zichukulie kuwa mita 30.

Malizia kwa kulinganisha na namba yako ya Hatua ya 1. Saa kumi kwa lumeni 30 ni 300. Betri tatu za rimoti zina 450 nyumbani, lakini baridi ikila nusu hubaki 225. Hazitoshi. Hii ndiyo sababu halisi ya taa kuzima saa tisa usiku, na dawa yake ni seti ya pili ya betri iliyotunzwa ikiwa na joto.

Hatua ya 5: Kagua taa mkononi

Taa nzuri kwa bei ndogo hupatikana mara nyingi kwenye mitumba, Memorial kwa walio Moshi na Samunge kwa walio Arusha, na pia kwa wapagazi na waongoza wageni walioachiwa vifaa na watalii. Taa iliyotumika ya Petzl au Black Diamond, ikiwa nzima, kwa kawaida naiamini kuliko taa mpya isiyo na jina. Lakini ikague.

Fungua kifuniko cha betri kwanza. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye springi, betri iliwahi kuvujia humo. Kidogo kinaweza kusuguliwa kwa kitambaa chenye siki. Kikiwa kimekula chuma, iache. Kifuniko kinapaswa kubana bila kulazimishwa na bila kuhitaji bisibisi, kwa sababu mlimani hutakuwa nayo.

Vaa glovu zako hapo hapo sokoni, hata kama watu watakucheka, uwashe na kuzima taa mara kumi. Swichi ndogo iliyozama ambayo kidole kitupu huipata kwa urahisi, kidole chenye glovu hakiipati. Kisha inamisha kichwa cha taa chini na juu: kinapaswa kukaa pale unapokiacha. Bawaba iliyolegea itashuka kila ukipiga hatua na kukumulikia pua.

Washa kamera ya simu na uitazame taa kupitia kioo cha simu katika kila kiwango cha mwanga. Mistari myeusi inayotembea inaonyesha kwamba taa inawaka na kuzima kwa kasi ili kupunguza mwanga. Si kosa la kukufanya uikatae, ila ikiwa kumetameta huko kunaonekana hata kwa macho unapopunga mkono mbele yake, kutakuchosha kabla ya alfajiri.

Pima uzito kwa kuvaa juu ya kofia. Taa ya betri tatu za rimoti huwa na gramu 70 hadi 90 na unaisahau kichwani. Zile zenye sanduku la betri kisogoni ni nzito, na hukera unapovuta kofia ya koti juu yake. Mwisho tafuta alama ya IPX, inayoonyesha jinsi taa inavyovumilia maji. IPX4, yaani kuvumilia maji yanayorushwa kutoka kila upande, inatosha kwa mvua ya msituni. IPX7 ni kwa anayetarajia kuitumbukiza.

Hatua ya 6: Jaribio la mawe matano

Usiku, katika korido au uani kusiko na mwanga mwingine, tawanya mawe yako umbali wa hatua nne kutoka ulipo. Weka betri mpya, chagua kiwango utakachotumia mlimani, andika saa ya kuanza, uiache ikiwaka. Kila baada ya saa moja ivae usimame mahali palepale.

Unapoweza kuona mawe yote matano na kutambua kivuli cha lile la ukubwa wa kiberiti, taa bado inafanya kazi. Usipoliona dogo, taa imeisha kwa matumizi ya mlimani, hata kama bado inatoa mwanga. Jiwe la ukubwa huo ndilo linaloteleza chini ya kiatu kwenye changarawe. Andika muda huo. Ndio muda wa kweli wa taa yako, na mara nyingi utakuwa mfupi kuliko wa kasha.

Angalia pia namna inavyofifia. Taa nyingine hushusha mwanga kidogo kidogo tangu dakika ya kwanza. Nyingine hushikilia kiwango kimoja kisha hukatika ghafla. Hakuna iliyo mbaya kwa asili yake, ila ya pili inahitaji mtu anayejua saa yake.

Hatua ya 7: Jaribio la friza

Friza ya kawaida ina kama nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi inayokaribia sana ile ya usiku mbaya wa kilele, na huilipii kiingilio. Weka betri mpya, ifunge taa ndani ya kopo, uiache humo kwa saa mbili ikiwa imezimwa. Kisha iwashe hapo hapo, uirudishe, na uichungulie kila baada ya nusu saa kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Utakachoona ndicho kitakachotokea juu. Ikiwa taa iliyodumu saa tisa mezani imedumu saa nne katika friza, basi saa nne ndiyo hesabu yako, na idadi ya betri za akiba itoke hapo. Taa ya kuchaji inayokataa kuwaka kabisa ikiwa baridi, irudishe kwa muuzaji kama bado anakukubali.

Ukimaliza, usifungue kopo mara moja. Liache mezani hadi lipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utagandia ndani ya taa na kuingia kwenye swichi. Na kwa taa ya kuchaji, usiichomeke kwenye chaja mpaka ipite saa kadhaa.

Hatua ya 8: Zoeza vidole

Zima taa ya chumba, vaa glovu nyembamba, ubadilishe betri bila kuona. Rudia hadi uweze kufanya hivyo kwa chini ya dakika mbili bila kudondosha hata moja. Wengi hukwama kwenye kujumlisha na kutoa, upande upi uende wapi; bandika vipande vya selotepu ndani ya sanduku la betri upande wa kujumlisha ili kidole kihisi. Usichanganye betri mpya na zilizotumika: zilizochoka huzivuta mpya chini na ndizo huvuja.

Nyunyizia taa maji kwa mkono kwa dakika tano, uikaushe, uifungue uone kama ndani ni kukavu. Jaribio hili ni fupi, lakini lifanye kabla ya mvua ya msitu wa Machame kulifanya kwa niaba yako.

Hatua ya 9: Siku za safari na usiku wenyewe

Safiri na taa ikiwa betri moja imetolewa, au kikaratasi kimewekwa kati ya betri na springi. Naandika haya kwa uchungu kidogo. Mwaka mmoja nilifika Saddle Hut nikakuta taa yangu imewaka ndani ya begi tangu asubuhi, swichi ikiwa imebanwa na chupa ya maji. Usiku ule nilipanda nikiwa katikati ya watu wawili wenye huruma, na betri zangu za akiba zilikuwa kwenye begi kubwa lililobaki chini.

Usiku wa kilele lala na taa na betri zote ndani ya mfuko wa kulalia. Unapoondoka, betri za akiba zikae kwenye mfuko wa nguo ya ndani karibu na mwili, wala si kwenye begi la mgongoni. Anza na kiwango cha chini kabisa kinachokuonyesha njia, na upandishe tu mnapofika penye mawe. Kukiwa na mbalamwezi juu ya changarawe, wengine huzima kabisa. Fanya hivyo tu ikiwa anayewaongoza ameridhia. Katika Meru, askari wa hifadhi mwenye silaha hupanda nanyi kwa sababu ya nyati na tembo wa misitu ya chini, na yeye ndiye wa kusikilizwa kuhusu kumulika pembeni.

Ukungu ukishuka, taa ya kichwani huwa kama ukuta mweupe mbele ya macho, kwa sababu mwanga unaanzia karibu na macho na kurudishwa na matone. Ivue uishike usawa wa kiuno, ukielekeza chini. Vivuli vitarudi na njia itaonekana.

Usisubiri taa izime ndipo ubadilishe betri. Badilisha mnapopumzika, wakati bado una mwanga wa kutosha kuona unachofanya na mwenzako yuko karibu kukumulikia, hasa kabla ya sehemu ya mwisho kuelekea Gilman's Point au Stella Point juu ya ukingo wa kasoko, ambako hakuna pa kukaa kwa raha. Zile ulizotoa zitie mfukoni mwa ndani. Zikipata joto zinaweza kukupa nusu saa nyingine ukizihitaji, na hazipaswi kubaki mlimani kwa hali yoyote.

Ukirudi Moshi au Arusha, toa betri zote kwenye taa siku hiyo hiyo, ufute springi kwa kitambaa kikavu, uoshe mkanda kwa sabuni na kuuanika kivulini. Betri za alkalaini zilizobaki na nguvu kidogo zitafaa kwenye rimoti kwa miezi kadhaa, na taa ya kuchaji ihifadhi ikiwa imejaa kiasi cha nusu.